Ng'ombe wa Matwebe na Hesabu za Oxford

Ukimwambia mtu kwamba ng'ombe anachafua hewa, macho yake yanakwenda nyuma ya mnyama. Amekosea upande. Gesi inayolalamikiwa hutoka zaidi mbele, mdomoni na puani, kila ng'ombe anapobeua. Kaa karibu na hori usiku, wakati wamelala wanacheua, utaiona kazi yenyewe: tonge linapanda shingoni, linatafunwa upya, linashuka, halafu baada ya kitambo pumzi inatoka kwa nguvu. Ndani ya pumzi hiyo mna methani, gesi ileile ambayo mwenye mtambo wa biogesi anaiwasha jikoni apikie maharage.

Kwa kweli si ng'ombe anayeitengeneza. Tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100, ni pipa la kuchachushia lisiloingia hewa. Humo wanaishi vijidudu wasiohesabika wanaovunja nyuzi za majani ambazo tumbo la binadamu lisingeziweza. Malipo anayopata ng'ombe ni asidi anazozigeuza kuwa nguvu, nyama na maziwa. Lakini kazi hiyo huacha haidrojeni, na haidrojeni ikirundikana uchachushaji unakwama. Ndipo kundi jingine la vijidudu linaichukua, linaiunganisha na hewa ukaa, na kutoa methani. Ng'ombe asipobeua atavimba tumbo, na mfugaji yeyote aliyewahi kuamshwa usiku na ng'ombe aliyevimba anajua mwisho wake.

Methani haidumu angani kama hewa ukaa. Baada ya miaka kama 12 sehemu kubwa yake imekwisha kuvunjika, ilhali hewa ukaa ya leo wataikuta vitukuu. Ila kwa muda iliopo, inashika joto kwelikweli: kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya methani ya mifugo inahesabiwa kuwa sawa na takriban kilo 27 za hewa ukaa. Ndiyo maana ng'ombe mmoja mwenye tabia njema, asiyekula mkaa wala dizeli, anaingia kwenye vitabu vya mabadiliko ya tabianchi pamoja na viwanda.

Mwaka 2018 Joseph Poore wa Chuo Kikuu cha Oxford na Thomas Nemecek wa Agroscope, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uswisi, walichapisha katika jarida la Science hesabu ambayo mpaka leo ndiyo inayotajwa kila mjadala huu ukizuka. Walikusanya takwimu za mashamba kama 38,700 katika nchi 119, wakafuata chakula kuanzia shambani mpaka dukani. Kwa wastani wa dunia, lita moja ya maziwa ya ng'ombe ilibeba kilo 3.2 hivi za gesijoto, ikatumia karibu mita 9 za mraba za ardhi na lita 628 za maji. Lita moja ya maziwa ya soya: kilo moja hivi, ardhi isiyofika hata mita moja ya mraba, maji lita 28. Ya shayiri aina ya oti inakaribiana na soya. Ya lozi ina gesi kidogo kuliko zote, 0.7, lakini inakunywa maji lita 371. Ya mchele inatoa 1.2, kwa sababu jaruba lililofurika maji nalo lina vijidudu wake wa methani.

Kwenye jedwali hilo maziwa ya mmea yanashinda kila mstari, na sitaki msomaji adhani nina hila ya kuligeuza. Sina. Hata ng'ombe bora kuliko wote hawezi kufikia soya, maana soya haibeui. Kitu cha kushangaza zaidi humo ni usafiri. Wengi tunadhani pakiti ya maziwa ya oti iliyotoka Ulaya kwa meli mpaka rafu za Dar es Salaam ndiyo yenye dhambi. Poore na Nemecek waliona kuwa usafirishaji ni takriban asilimia 6 tu ya gesijoto za chakula chote. Mzigo mkubwa uko shambani, kabla chakula hakijapanda gari.

Sasa twende na jedwali hilo Matwebe.

Matwebe ni kata ya wilaya ya Rungwe, nchi ya Wanyakyusa, kwenye udongo wa volkano na mvua isiyojua kuchoka. Baadhi ya sehemu za wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mstari wa maji katika jedwali unafutika hapa mara moja. Hakuna anayemwagilia majani ya ng'ombe Rungwe. Zile lita 628 ni wastani wa dunia wenye mashamba ya malisho yanayomwagiliwa jangwani, na lozi nyingi za dunia hutoka California, ambako maji ni kesi ya mahakamani. Mtu wa Rungwe akiambiwa aache ng'ombe ili kuokoa maji, anayo haki ya kuuliza maji gani.

Mstari wa ardhi nao unahitaji macho mawili. Huku ng'ombe wa maziwa hatembei. Amefungiwa bandani, mara nyingi chotara wa Friesian au Ayrshire, na chakula kinamfuata. Majani ya tembo na ya Guatemala hupandwa kwenye kingo za shamba na kwenye miteremko, yanashika udongo usiteremke na mvua. Chini ya migomba kuna kahawa, pembeni chai, na siku hizi parachichi zimeingia kila mahali na kula hata sehemu zilizokuwa za majani. Samadi inarudi kwenye shina la mgomba. Ardhi ileile inafanya kazi nne, na jedwali la dunia limezoea shamba lenye kazi moja.

Asubuhi ya mfugaji huanza kabla ya jua. Kiwele kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu, mafuta kidogo kwenye chuchu, ndoo kati ya magoti. Kinachobaki baada ya ndama na watoto kinakwenda kituoni, kwa miguu au kwa bodaboda, na huko mpokeaji anatumbukiza laktomita. Kijiti hicho cha kioo kikisimama sawasawa, maziwa yamekubaliwa. Kikizama kupita kiasi, mtu ameongeza maji na anarudi nayo nyumbani mbele za watu. Kipimo cha pili ni cha spiriti: maziwa yakigandamana ndani yake, yameanza kuchacha. Baadhi ya maziwa ya Rungwe hununuliwa na kiwanda cha ASAS cha Iringa, mengine huishia Tukuyu mjini na Mbeya, mengine huwa mtindi. Na yanayomwagwa yana hesabu yake pia. Lita iliyochacha njiani kwa sababu barabara imekatika ilishabeuliwa gesi yake yote, ng'ombe hairudishi.

Shida ya wastani wa dunia inaonekana ukichukua kalamu na karatasi. Chukua ng'ombe anayekula kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Kwa kanuni inayotumiwa na wanasayansi, kama asilimia 6.5 ya nishati ya chakula hicho inapotea kama methani. Inatoka takriban kilo 79 kwa mwaka, sawa na kilo 2,100 na ushee za hewa ukaa. Akitoa lita 4 kwa siku kwa siku 300, kila lita imebeba kilo 1.8 za kubeua peke yake, kabla hujahesabu samadi wala pumba. Mwenzake wa banda la pili anakula vizuri zaidi, kilo 13, anabeua kilo 102 kwa mwaka, kwa hiyo kwa macho ya haraka yeye ndiye mchafuzi mkubwa. Lakini anatoa lita 12. Gawanya: kila lita imebeba chini ya 0.8.

Hapo pana siri nzima ya ng'ombe na tabianchi. Kila ng'ombe hutumia kwanza chakula kwa ajili ya kuishi tu: kupumua, kusimama, kuhifadhi joto la mwili. Chakula hicho kinatoa methani hata asipotoa tone. Kinachozidi ndicho kinachokuwa maziwa. Ng'ombe anayeshinda njaa nusu ni ng'ombe anayetoa gesi ya kuishi na kukunyima maziwa ya kuigawanya. Mwaka 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria wastani wa dunia kuwa kilo 2.4 kwa kila kilo ya maziwa, na Afrika kusini mwa Sahara kilo 7.5. Namba hiyo ilitusuta, na imekuwa ikinukuliwa kama kwamba ng'ombe wetu wana laana. Hawana laana, wana njaa.

Njaa yenyewe ina msimu. Kuanzia Juni mvua inapungua hata Rungwe, majani yanakomaa na kuwa magumu, na mfugaji anageukia migomba. Anakata shina, analipasua vipande kwa panga, anajaza hori. Ng'ombe anakula kwa furaha na tumbo linajaa. Lakini zaidi ya sehemu tisa katika kumi za shina la mgomba ni maji, na protini iliyomo ni ya kutafuta kwa tochi. Maziwa yanashuka, mfugaji anasema ni kiangazi, na vijidudu wa tumboni wanaendelea na kazi yao.

Dawa basi ingekuwa rahisi: mlishe. Ongeza pumba za mahindi, ongeza mashudu ya alizeti. Hapa ndipo ulipokuja ugunduzi ulionifanya niandike makala haya. Mwaka 2021 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti wa James Hawkins na wenzake kuhusu maziwa ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ukanda huuhuu wetu. Hawakuishia kwenye kubeua na samadi. Walifuata mfuko wa pumba mpaka shamba ulikotoka, wakauliza shamba hilo lilikuwa nini kabla halijawa shamba. Jibu, kwa sehemu nyingi za Tanzania, ni msitu wa miombo au mbuga. Mti ukifyekwa na kuchomwa, kaboni iliyokuwa imelala kwenye shina na mizizi inapanda juu, na sehemu ya moshi huo ni deni la yule aliyenunua mahindi, pamoja na ng'ombe aliyekula pumba zake.

Walipojumlisha yote, maziwa ya ng'ombe wa kienyeji yalibeba kati ya kilo 19.8 na 27.8 za gesijoto kwa kila kilo ya maziwa. Ya ng'ombe walioboreshwa, yaani chotara kama wa bandani Rungwe, yalibeba 5.8 mpaka 5.9. Na katika mzigo wote huo, kati ya asilimia 45.8 na 65.8 ilitokana na mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Karibu nusu au zaidi! Kumbe wakati sisi tunabishana juu ya mdomo wa ng'ombe, nusu ya habari ilikuwa imejificha shambani, mbali na banda, mahali ambapo huyo ng'ombe hajawahi kukanyaga.

Ukisoma haraka unaweza kuhitimisha kwamba kumlisha ng'ombe vizuri ni kufyeka msitu zaidi. Watafiti waliliona tatizo hilo, na matokeo yao yalikwenda upande mwingine. Ulishaji bora uliongeza maziwa hadi asilimia 60.1, na kupunguza gesi kwa kila kilo ya maziwa hadi asilimia 52.4 kwa ng'ombe wa kienyeji na 38 kwa walioboreshwa. Faida kubwa ilikuja hasa kwa sababu ardhi ambayo ingefyekwa haikufyekwa: maziwa yaleyale yakapatikana kwa eneo dogo. Halafu wakaongeza jambo la tatu. Ikiwa mahindi na alizeti vinavyolishwa vitapata mbolea na kuzaa vizuri ekari kwa ekari, gesi inapungua tena kwa asilimia 11.4 mpaka 34.9, ijapokuwa mbolea yenyewe hutoa gesi zake. Kwa hiyo mkulima wa mahindi wa mbali akipata magunia 20 kwenye ekari iliyokuwa inampa 6, amepunguza joto la maziwa ya Tukuyu bila kumjua ng'ombe wala mwenyewe.

Kwa upande wa soya nina kijicho kidogo. Zao hili linastawi kwetu, Mbeya, Songwe na hasa Ruvuma, na mizizi yake ina vifundo vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuirutubisha ardhi bila mfuko wa mbolea. Kutengeneza maziwa yake hakuhitaji kiwanda. Loweka usiku kucha, ondoa maganda, saga na maji, chuja kwa kitambaa safi, chemsha sawasawa. Kuchemsha si hiari, kwani soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Kilo moja inatoa lita 6 mpaka 8 za kinywaji chenye protini inayokaribia ya ng'ombe, gramu 3 hivi kwa kila mililita 100. Gharama yake ukilinganisha na pakiti ya kigeni ni ya kuchekesha. Mbona hatuinywi? Harufu ya maharage, wanasema, na mimi nawaelewa. Dawa yake ni kuchemsha kwa muda na tangawizi kidogo.

Lakini vinywaji vya mimea havilingani. Oti ina kama gramu moja ya protini, lozi nusu gramu, na mchele hauna cha kusifiwa. Pwani wamekamua tui tangu enzi na enzi, na hakuna bibi wa Tanga aliyewahi kumpa mtoto tui badala ya maziwa; tui ni mafuta, kazi yake iko kwenye samaki na wali. Soya nayo haina vitamini B12, na kalsiamu yake ni ndogo isipoongezwa kiwandani. Kwa mtu mzima wa Masaki, Dar es Salaam, anayekula samaki na mayai, tofauti hizi si kitu. Ahamie soya hata leo, nitampongeza, kwa sababu kwake maziwa ni rangi ya kahawa.

Kwa mtoto wa miaka miwili ni habari nyingine. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa majirani zetu wa nyanda za juu, Iringa kwa asilimia kama 57 na Njombe kama 50. Hiyo ni mikoa ya mahindi, viazi na maziwa. Chakula kipo, ila mtoto anapewa uji mweupe na maziwa yanapanda bodaboda kwenda kituoni, maana shilingi inahitajika. Kumwambia mama wa huku apunguze maziwa ili kupoza dunia ni kumpelekea bili ya sherehe ambayo hakualikwa. Soya ingefaa zaidi iongezwe kwenye ule uji kuliko kuondoa kikombe cha maziwa, na machicha yanayobaki kwenye kitambaa, yenye protini tele, yaende hori la ng'ombe kiangazi. Sioni kwa nini mazao haya mawili yawekwe ulingoni kupigana.

Limebaki swali ambalo wanasayansi wenyewe walichelewa kuliuliza: ng'ombe ni wa maziwa tu? Mwaka 2014 Viola Weiler na wenzake walichapisha utafiti wa wafugaji wadogo wa Kaptumo, katika kaunti ya Nandi nchini Kenya. Walipohesabu gesi na kuitwika maziwa na nyama tu, kila kilo ya maziwa ilibeba kilo 2.0. Walipoangalia thamani ya kifedha ya kazi zote za ng'ombe, samadi na akiba zikiwamo, maziwa yakabaki na 1.6. Walipowauliza wafugaji wenyewe ng'ombe wana umuhimu gani katika maisha yao, na kugawa mzigo kwa majibu hayo, ikashuka mpaka 1.1. Njia zao na za Hawkins hazifanani, kwa hiyo namba zisishindanishwe. Gesi angani haikupungua hata chembe kwa swali la tatu. Kilichobadilika ni nani anayeandikiwa deni.

Mnyakyusa hahitaji kufundishwa hili. Ng'ombe ni mahari, ni msiba mkubwa usiokwisha bila damu yake, ni ada ya Januari. Mabanda mengi yana ng'ombe wa tatu, yule mkavu, aliyezeeka au aliyekosa mimba mara mbili, ambaye hakamuliwi na hauzwi. Kwa hesabu za Hawkins na hata za kalamu yetu, huyo ndiye mwenye gesi ghali kuliko wote, kwa kuwa hana lita za kuigawanya. Ukimuuza, na fedha zikanunua pumba na mashudu ya kiangazi kwa wale wawili waliobaki, maziwa ya nyumba yanaweza kuongezeka huku kubeua kwa jumla kukipungua. Bwana mifugo atakwambia hivyo na ana haki.

Ila yule ng'ombe mkavu hakuwekwa pale kwa sababu ya maziwa. Mtoto akilazwa usiku, benki ya Tukuyu imefungwa na kikoba kinakutana Jumamosi. Ng'ombe anauzika alfajiri. Bima ya afya inayolipa kweli na akiba inayotoka siku ileile inapohitajika vingeondoa methani nyingi zaidi Rungwe kuliko semina nyingi za tabianchi, na bado sijaona mradi wa tabianchi uliokuja wilayani na bima mkononi.